Sakafu Mpya ya Eino

Raili, binti wa kaka yangu Eino, alizaliwa Januari, siku ambayo magari yote ya mji wetu wa migodi kaskazini mwa Minnesota yalikataa kuwaka kwa baridi. Alikuja na ratili nane na sauti ya kuamsha mtaa. Miezi saba akatambaa, akajifunza kusimama kwa kushika mkia wa mbwa, na kabla ya mwaka akawa anatembea.

Kwetu mtoto hupimwa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kila siku ya kuzaliwa. Anavua viatu, kitabu cha nyimbo za kanisa kinawekwa utosini, mstari wa penseli unachorwa na tarehe inaandikwa. Eino aliipenda mistari ile kuliko lori lake. Mwaka Raili alipong'oka meno ya mbele, mstari ulipanda inchi tatu. Alipotimiza tisa, mbili na nusu.

Kabla hajafika kumi, Eino aliweka sakafu mpya jikoni. Kwa kuwa ni Eino, hakung'oa ya zamani. Alipigilia mbao juu ya mbao za zamani zenye plastiki ile ile aliyoiacha mama yetu, akajisifu wiki nzima. Siku ya kupima, mstari ulipanda inchi na robo.

"Mwaka huu umekuwa mvivu," Eino akamtania.

"Mwache, anajiwekea nguvu za usichana," akasema Marlys, mama yake Raili. Tukala keki.

Mwaka ule Raili akawa mtoto wa kusinzia. Alivaa sweta Julai, katikati ya joto. Hesabu alizozijua zikaanza kumpotea. Sisi si watu wa kumpeleka kwa daktari mtoto asiyelalamika, tukasema ni umri tu, anakaribia kupevuka. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na hadi leo naona aibu.

Alipotimiza kumi na moja, penseli iliangukia palepale kwenye mstari wa mwaka uliotangulia.

"Nyooka, we mtoto," Eino akasema.

"Nimenyooka, Baba."

"Umekunja magoti."

"Sijakunja. Muulize Shangazi."

Kweli hakukunja. Mimi ni fundi cherehani, najua mtu aliyenyooka. Nikaenda kabatini, nikatoa gauni nililomshonea akiwa na miaka tisa kwa harusi ya binamu yake. Nikamvisha. Likamkaa sawasawa, mabega, kiuno, hata pindo.

Nikatazama mistari. Wa kumi ulikuwa juu ya wa tisa kwa inchi na robo. Kisha nikatazama alipokanyaga. Nilichukua kisu, nikabandua ubao wa mlangoni, nikashusha utepe wangu hadi kwenye plastiki ya mama. Inchi na robo.

"Eino," nikasema, "iliyopanda ni sakafu. Mtoto hajakua kwa miaka miwili."

Marlys akakaa chini palepale. Eino alipima mara tatu, kila mara akiniangalia kana kwamba nimeuchezea utepe. Raili aliuliza kama bado kuna keki.

Daktari alisema tezi yake ya shingoni, ile inayoamuru mwili ukue, ilikuwa imelala. Dawa ni kidonge kimoja kila asubuhi, basi. Akapiga picha ya mifupa ya mkono, akasema haijafunga, bado anaweza kukua, tushukuru.

Mwaka uliofuata alikua inchi nne. Sweta likarudi kabatini na hesabu zikarudi kichwani. Alipofika kumi na nne akavunja ungo, akaja kuniambia mimi kwanza. Eino naye alikata mraba wa sakafu mlangoni hadi kwenye plastiki, ili binti yake asimame hapo kila mwaka. Sote tulijikwaa kwenye shimo lile. Alikataa katakata kuliziba.

Siku alipotimiza kumi na nane, Raili alisimama shimoni mara ya mwisho. Futi tano na inchi moja, inchi tatu chini ya mama yake. Daktari hakuwahi kusema kama ni sisi tuliozipoteza inchi hizo. Eino alibaki ameshika penseli, anatazama alama ya kumi.

"Ningeng'oa tu ile ya zamani, tungejua mwaka ule ule," akasema.

"Baba, ziba hili shimo," Raili akamwambia. "Mimi nilianza kukua tena siku nyingi. Aliyebaki palepale ni wewe."

Eino hakulia hata tulipomzika mama. Alilia pale, amekaa kwenye sakafu yake mpya.