Mlango wa Siku ya Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa katoni ya vifaranga mia moja wa siku moja na bakuli la maji yenye glukosi. Duka lilikuwa katikati ya jiji, katika mtaa wa nyuma usiopata jua, na liliuza dawa za mifugo, chakula cha kuku na vifaranga wa kuagiza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa mjane wa miaka arobaini na minane. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya chuo cha Biblia, na kanisa halikuwa na nafasi ya kuniajiri. Nilimshukuru Mungu kwa katoni ile.

Meneja, mtu mnene aliyevaa koti jeupe kama daktari, alinionyesha kazi. Kila kifaranga huchovywa mdomo majini mara moja ili ajue maji yako wapi, kisha hurudishwa kwa wenzake. Nilikuwa nawashika kwa viganja viwili, mmoja mmoja, huku nikiwasemesha.

"Mama Tabitha," Meneja akasema, "hawa hatuwabatizi. Chovya, weka. Chovya, weka. Watu wako kwa laini."

Wateja walicheka, nami nikacheka. Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuku.

Wateja wetu hawakuwa wakulima wakubwa. Walikuwa walinzi waliofuga kuku kumi nyuma ya vyumba vya wafanyakazi, walimu wa shule za msingi, na akina mama wenye kizimba cha mbao na wavu kando ya mlango. Walinunua vifaranga kumi au ishirini na kuuliza maswali mengi kuliko mtu wa elfu moja. Kwao nilijifunza kuhusu kideri, ugonjwa unaopinda shingo ya kuku na kumaliza kundi zima kabla ya wiki kwisha. Chanjo yake ni tone moja tu jichoni, lakini wengi waliikumbuka wakati kuku tayari wamelala chini.

Baada ya miaka miwili nilihamia mtaa wa Parklands, jiji lilelile, kwenye ghala lililokuwa na mashine tatu za kuangulia mayai. Huko nilikuwa chini ya Fundi Mkuu, mzee mfupi aliyestaafu kutoka idara ya mifugo. Kila alichonifundisha alikisema mara moja. Ukiuliza mara ya pili, alitazama saa yake.

Alinifundisha kwamba yai la kuangulia halioshwi, na halikai zaidi ya wiki moja kabla ya kuingia kwenye mashine. Hulazwa ncha ikiangalia chini, kwa sababu upande mpana una chumba cha hewa, na humo ndimo kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza. Joto ni nyuzi thelathini na saba na nusu, mchana na usiku. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kila siku ili mtoto aliye ndani asigande upande mmoja, kama kuku mwenyewe anavyoyageuza kwa mdomo. Siku ya saba hupimwa kwa mwanga: unashika yai mbele ya taa iliyofunikwa kwenye kasha lenye tundu. Yai lisilo na kitu huwa jeupe tupu. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui, na katikati yake kitone kinachocheza.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa siku tatu za mwisho.

"Siku ya kumi na nane unaacha kugeuza," aliniambia. "Unaongeza maji kwenye trei, unyevu unapanda, unafunga mlango. Hufungui mpaka watoke na wakauke. Sikiza, mama. Ukifungua, unyevu unatoka kwa pumzi moja. Ule utando ulio ndani ya ganda unakauka, unamshika mtoto kama nailoni. Ana nguvu, ana mdomo, lakini hawezi kugeuka. Anafia mlangoni."

"Na mtu akitaka kuona?"

"Aone kwa kioo. Hata Rais akija, mwambie arudi Jumatano."

Nilifanya kazi chini yake miaka mitatu, na katika miaka hiyo sikuufungua mlango hata mara moja kabla ya wakati. Alipougua na kwenda kwao, ghala lilifungwa. Nilishukuru kwa nilichopata nikangoja. Nafasi ya tatu ilitoka Lavington, mtaa wa matajiri. Kanisa moja lilikuwa na nyumba ya zamani yenye bustani kubwa, na kamati yake ilikuwa imeanzisha mradi wa kuku kwa akina mama wa Kawangware, mtaa wa maskini ulio jirani. Walihitaji mtu wa mashine. Walipenda kwamba nilikuwa nimesoma Biblia pia, wakanipa kufundisha watoto wa shule ya Jumapili, na watu wakaniita Mwalimu.

Msimamizi wangu aliitwa Mratibu wa Mradi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye haraka, aliyejua kuandika ripoti, na hakuwahi kugusa yai ila mezani kwake asubuhi.

Akina mama walikuwa ishirini. Wengi wao walipita kila siku asubuhi mbele ya lango letu wakienda kufua nguo kwenye nyumba za Lavington, na kupita tena jioni wakirudi. Mpango ulikuwa huu: kila mmoja alete mayai thelathini ya kienyeji yenye mbegu, mashine iyaangue, na vifaranga warudi kwake akawafuge nyuma ya nyumba, kwa ajili ya mayai na nyama ya watoto. Siku ya kupokea mayai niliandika jina la kila mama juu ya ganda kwa penseli, maana wino hupenya ndani.

"Mwalimu, andika vizuri," mmoja alisema. "Kuku za Wanjiru ziko na kiburi kama yeye. Zisichanganyike na zangu."

"Zako ni za jogoo mzee," Wanjiru akajibu. "Zitatoka na ndevu."

Wa mwisho kufika alikuwa Mama Mwende. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, anayesali kuliko sisi sote. Mtoto wake Mwende alikuwa na miaka sita na uzito wa mtoto wa miaka mitatu, na muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia ampe yai kila siku. Mayai ya kununua hayakudumu nyumba ile. Kwa hiyo alikuwa ameenda kwao Machakos, mama yake akampa mayai yote ya kuku wake, naye akayabeba mapajani njia nzima ndani ya debe la pumba za mahindi. Hakuna hata moja lililopasuka. Siku chache baadaye alikuja langoni kabla ya kazi.

"Mwalimu, kideri imeingia kwa mama. Kuku zote zimeisha. Hata jogoo."

"Pole sana, Mama Mwende."

"Sasa kuku za mama ziko kwa mashine yako tu."

Siku ya saba nilimwita aone mayai yake yakipimwa. Nililiweka la kwanza kwenye mwanga. Aliinama, akashika mdomo.

"Huyu anaruka! Mwalimu, anaruka!"

Katika thelathini, ishirini na sita yalikuwa na uhai. Tangu siku hiyo alipita kila jioni, akaweka kiganja kwenye kioo, akasali kwa Kikamba, akaenda zake. Mimi niliongeza maji, nikageuza, nikasoma kipimajoto, nikamshukuru Mungu. Sijawahi kuwa na mashine iliyokwenda sawa kama ile.

Mashine ilikuwa imeanza Jumanne. Siku ya kumi na tisa iliangukia Jumapili, na hiyo ndiyo Jumapili ambayo Mratibu alikuwa amemwalika Askofu kuiweka wakfu mashine. Ulikuwa msimu wa ukame, upepo mkavu wenye vumbi. Niliposikia habari hiyo asubuhi ileile nilimfuata ofisini kwake.

"Leo mlango haufunguliwi," nikamwambia. "Mayai yako siku tatu za mwisho."

"Sasa Askofu aombee mlango umefungwa? Ataombea bati?"

"Ataona kwa kioo."

"Dakika tano tu, Mwalimu Tabitha. Wewe umesoma neno. Wewe ndio unazuia maombi?"

Walikuja watu kama sitini. Akina mama walivaa leso mpya na kuimba. Askofu alikuwa mzee mpole, mwenye sauti ndogo. Alisimama mbele ya mashine, akaangalia kwa kioo, kisha akanigeukia mimi, si Mratibu. Nataka msomaji alijue hili. Aliniuliza.

"Dada, kuna ubaya tukifungua kidogo, tuyawekee mikono?"

Neno moja lingetosha. Angelikubali, naamini hivyo hata leo. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, Mama Mwende akiwa mbele amefumba macho tayari, na mimi mwenyewe nilitamani mkono ule ufike kwenye mayai yale. Nilijiambia kwamba Mungu aliyeweka sheria ya unyevu hatashindwa kuishikilia kidogo kwa ajili ya mtumishi wake. Nilijua jina la wazo hilo. Linaitwa kumjaribu Mungu, na nilikuwa nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili wasilifanye.

"Hakuna ubaya, Baba Askofu," nikasema. Nikafungua kwa mkono wangu.

Maombi hayakuwa ya dakika tano. Kulikuwa na wimbo, halafu maombi, halafu picha, halafu wageni wakapanga foleni waone. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto la watu. Niliutazama mshale wa kipimo cha unyevu ukishuka kama mtu anayeshuka ngazi, huku nimeushikilia mlango wazi. Nilipofunga, nilinyunyiza maji ya uvuguvugu na kujaza trei zote. Mshale ulipanda tena. Utando ukishakauka haurudi.

Jumatatu jioni vifaranga walianza kudonoa maganda. Kila yai lilikuwa na tundu dogo na mdomo ukionekana. Kisha wakabaki hapo. Chumba kizima kilikuwa kinalia, sauti ndogo nyingi, na matundu hayaongezeki. Jumanne sauti zikapungua. Nilijaribu kuwasaidia wachache kwa kitambaa chenye maji. Nikibandua utando, ngozi inatoka nayo. Jumatano kulikuwa kimya. Kati ya mayai yote yaliyokuwa na uhai walitoka vifaranga arobaini na mmoja, na nusu yao walikuwa viwete. Katika ishirini na sita ya Mama Mwende hakutoka hata mmoja. Niliyapasua baadaye, kwa sababu ndiyo kazi, fundi lazima ajue. Wote walikuwa wamekamilika, manyoya, kucha, kila kitu.

Mratibu aliita mkutano bustanini. Akasimama, akavua kofia.

"Wamama, tusitafute wa kulaumu. Tulifanya yote, hata maombi tulifanya. Uhai ni wa Mungu. Ni vile tu Mungu hakupenda."

"Amina," wakasema akina mama.

Na mimi nikasema amina.

Mama Mwende hakulia. Alichukua debe lake tupu, akanishukuru kwa kazi yangu, akatoka langoni. Hakurudi kwenye kikundi. Tulipoangua tena miezi iliyofuata, tulipata vifaranga wazuri, kwa maana sikufungua tena kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini wale ishirini walikuwa wamebaki saba, kisha wanne. Baadaye kamati iliacha mradi, bustani ikajengwa nyumba za ghorofa, na mimi nikastaafu kwa barua ya shukrani na sala fupi.

Nilikaa na amina ile miaka minne. Nilifunga, niliomba, nilikiri kwa Mungu mara nyingi, na kila nikimaliza nilijua kwamba niliyepaswa kumwendea kwanza ni Mama Mwende. Basi, wiki moja baada ya kustaafu nilikwenda Kawangware. Nilimkuta Mama Mwende akiwa amekaa kwenye kibao nje ya chumba chake, anachambua mboga. Nilimuuliza habari za Mwende. Akasema yuko shule, bado mwembamba. Kizimba cha mbao kilikuwa bado kipo kando ya mlango, na ndani yake, mahali pa kuku, alikuwa ameweka makaa ya kupikia.

Nilimwambia yote. Siku ya kumi na tisa, unyevu, utando, swali la Askofu, jibu langu. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Kwa hivyo sio Mungu alikataa."

"Sio Mungu. Ni mimi."

Aliweka mboga chini.

"Mwalimu, unajua mimi bado naomba. Naombea kanisa, naombea majirani, naombea hata wewe. Lakini nikifika kwa mambo yangu, nanyamaza. Nilisema nisimsumbue. Nilijua nishajibiwa hapana kwa yale mayai. Mwende akiwa mgonjwa, naambia wengine wamwombee."

"Nisamehe, Mama Mwende."

"Nimekusamehe," akasema, na najua ni kweli, kwa sababu si mtu wa maneno matupu. "Lakini sasa nitaanzia wapi? Miaka yote hiyo. Mdomo umesahau."

Nilisoma Biblia miaka miwili chuoni na miaka arobaini nyumbani. Nilitafuta andiko la kumpa, na yaliyonijia yote yalikuwa maneno ambayo mtu kama mimi hakuwa na haki ya kumwambia mtu kama yeye. Alisimama akaweka sufuria ya chai kwa ajili yangu, na tukainywa.

Vijana wanaofuga huniuliza siri ya mashine. Nawaambia joto, nawaambia kugeuza, nawaambia wafunge mlango siku ya kumi na nane. Wanaandika, wanashukuru, wanaondoka. Mimi namshukuru Mungu kwa miguu inayonibeba bado, kwa paa, kwa mkate. Kisha kila asubuhi namwombea Mama Mwende yale asiyoweza kujiombea: kuku, mayai, uzito wa mtoto. Mwaka wa pili sasa. Nilipopita wiki iliyopita, kizimba kilikuwa bado kina makaa.