Katazo la Ng'ombe Kiwanjani

Ieleweke kwa wote: kuanzia tarehe kumi Januari 1994, ni marufuku kwa ng'ombe yeyote kukanyaga kiwanja cha ndege cha Mpanda. Tangazo lilipigwa mhuri, likabandikwa kwenye nguzo, kwa kimo ambacho ng'ombe angelisoma bila kuinama.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na njia moja ya kutua, ya changarawe iliyokwisha kuota majani. Mfuko wa upepo uliopauka. Kibanda chenye mabenchi mawili. Na Hilari, Mnyamwezi wa miaka hamsini na moja, aliyekuwa mlinzi, mfyekaji, mpokea abiria na, ndege isipokuja, mtu wa kueleza kwa nini haikuja. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomchosha zaidi.

Hilari alilitekeleza tangazo kwa moyo wote. Mabula, Msukuma aliyehamia na ng'ombe themanini, alizoea kuwapitisha pale kila asubuhi wakienda mtoni. Hilari akamfukuza mbele ya watu, kwa filimbi.

"Hata nyasi za ndege mnakula nyie Wasukuma?"

"Sawa, mtani," Mabula akasema, akiwageuza ng'ombe wake. "Basi uzile wewe."

Mvua zikanyesha. Kufika mwisho wa Februari majani yalikuwa kiunoni, na Hilari alikuwa na fyekeo moja. Ndipo simu ya upepo ikaleta habari: Alhamisi mkaguzi anakuja kwa ndege, na ndege ikishindwa kutua, mlinzi atafute kazi nyingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alifyeka mchana kutwa, akapata eneo la kutosha kutua bata. Jioni mkewe, Pudensiana, akamwambia alichokuwa akimwambia tangu Januari. Hilari akavua kofia ya kazi, akaenda kwa Mabula.

"Karibu, mtani. Umeshiba, au bado unaendelea?"

"Lete ng'ombe, Mabula."

"Ng'ombe wangu wanaheshimu sheria. Wamekatazwa."

"Nitafukuzwa kazi, bwana."

Mabula akanywa maziwa yake taratibu mpaka kibuyu kikaisha.

"Watakuja. Ila mimi sikanyagi pale. Utaswaga mwenyewe. Na uvae ile kofia ya serikali, na filimbi usiisahau."

Kwa siku mbili, wananchi wa Mpanda walimwona mtumishi wa umma, kofia kichwani, akiwapigia filimbi ng'ombe themanini waingie kiwanjani badala ya kutoka. Dina, muuza dagaa aliyekuwa ametoka Ikola, alitua beseni lake ili acheke vizuri.

"Baba Hilari! Ndege zako leo zina pembe!"

"Pita njia yako, mama. Hapa ni kazini."

Jumatano jioni nyasi zilikuwa fupi kama kichwa cha askari. Pudensiana akapita na karai akizoa samadi yote, mpaka gizani. Alhamisi ndege ikatua bila tatizo. Mkaguzi akatembea mwanzo hadi mwisho, akaridhika.

"Mnafyekea mashine gani?"

"Za hapa hapa, mzee."

Mkaguzi akaandika kwamba katazo la mifugo limezingatiwa kikamilifu, na mlinzi apewe barua ya pongezi. Barua ilikuja kweli. Hilari akaitundika kibandani, juu ya benchi.

Msimu uliofuata, kwenye kile kishamba cha nyuma ya kibanda ambacho kwa kawaida hutoa magunia mawili ya mahindi, Pudensiana alivuna tisa.