Sikio na Sakafu ya Mkwe

Kwanza mjue kwamba Sikio si jina alilopewa na mama yake. Ni jina la kazi. Fundi bomba yule alikuwa na nondo ndefu, laini kwa kushikwashikwa. Ncha moja anaiweka sakafuni au ukutani, ncha nyingine sikioni, kisha anafumba macho na kutulia tuli. Akifumbua, anachora duara kwa chaki na kusema, "Vunjeni hapa." Wakivunja, maji hayo! Kuta zinazotoa jasho, sakafu zinazovimba, mita inayozunguka hata koki zote zikiwa zimefungwa, dawa yake mtaani ilikuwa moja: mwiteni Sikio.

Sasa basi, sikio lenyewe likaanza kugoma.

La kushoto lilikufa polepole, bila maumivu, bila kuaga. La kulia likabaki la mazungumzo tu. Ile sauti nyembamba ya maji yanayopenya kwenye tundu dogo, ile iliyompa jina, ikamkimbia kabisa. Hakumwambia mtu. Hata mkewe! Alijitia hamnazo, akawa anapokea kazi za macho tu, kubadilisha koki na kuzibua masinki. Akiitwa kwenye uvujaji wa kujificha, anashika kiuno na kuguna. Kiuno cha watu wala hakikuwa na kosa. Lakini mtu aliyeitwa Sikio tangu ujana, asiposikia aitwe nani? Hilo ndilo lililokuwa likimla ndani kwa ndani.

Nyumbani mambo yalikuwa shwari. Mkewe, mshona nguo mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, alikuwa amehama upande wa kitanda, kutoka kushoto kwa mumewe kwenda kulia. Alisema dirisha linamletea baridi shingoni. Mezani nako akahamia kulia, eti upande ule mwingine taa inamuumiza macho. Sikio akaona ni uzee tu unamnyemelea mwenzake. Akacheka moyoni, akamwachia.

Ndipo binti yao akapiga simu. Alikuwa ametoka kujifungua, anaishi na mumewe kwa wakwe.

"Baba, njoo. Sakafu ya jikoni inavimba na mita haitulii."

"Mwanangu, hiki kiuno changu..."

"Kiuno tutakikanda huku huku. Baba mkwe amesema sakafu yake haigusi mtu mwingine, ni wewe tu. Na mjukuu hujamwona bado, au naye umemkimbia?"

Hapo mtu atasema nini? Alichukua nondo yake na mfuko wa spana, mkewe akabeba nepi na mashuka ya mtoto, wakaenda.

Baba mkwe huyo alikuwa dereva mstaafu. Vigae vya jikoni alivipanga mwenyewe, kimoja kimoja, magoti chini, na hadi leo mgeni akifika mlangoni anavua viatu asiambiwe. Alimpokea Sikio kwa mikono miwili.

"Mzazi mwenzangu, najua kwako kinavunjika kigae kimoja tu. Fundi mwingine angenichimbulia jiko zima."

"Ondoa shaka," Sikio akasema, na jasho likaanza kumtoka hapo hapo.

Alijikaza, akaanza kama kawaida yake. Akafunga koki zote. Akaamuru friji izimwe, redio izimwe, mtoto anyonyeshwe asije akalia. Wote wakasimama mlangoni wamebana pumzi. Akaweka nondo sakafuni, akainamisha kichwa, akafumba macho.

Kimya.

Akasogeza karibu na sinki. Kimya. Akasogeza karibu na ukuta. Kimya kile kile, mtu wangu, kama ameitega kwenye mto wa pamba. Angeweza kusema ukweli pale pale, lakini ulimi ulikataa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akatoa chaki, akachora duara mbele ya sinki.

"Nayasikia. Ni hapa."

Mama mkwe, mwanamke mpole asiyependa makuu, akakohoa kidogo. "Samahani, mzazi mwenzangu. Mbona tangi la choo bado linajaza maji?"

Na kweli! Choo kilikuwa nyuma ya ukuta ule ule, na tangi lake lilikuwa linapiga mluzi mwembamba uliosikika nyumba nzima. Fundi aliyeanza kazi jana anajua kwamba tangi lazima lingojwe lijae, maana kelele yake inameza sauti nyingine zote. Baba mkwe akaliangalia duara lililochorwa juu ya kigae chake. Akamwangalia fundi.

Ni mkewe Sikio aliyeruka. "Ah, na nyie nanyi! Huyu ndivyo anavyoanza, anapima kelele kwanza. Hebu tupisheni, mmejazana hapo mlangoni kama mnagawiwa kitu. Nendeni mkacheze na mtoto."

Akawatoa wote, akafunga mlango wa jikoni, akageuka na kunyoosha mkono.

"Nipe hiyo nondo."

"Unataka kuifanyia nini?"

"Kushonea. Lete!"

Akampa. Mwanamke akaketi chini, akakunja gauni vizuri, akangoja tangi lijae na kunyamaza. Kisha akaweka nondo sikioni. Sikio alipiga magoti kando yake, uso unamwaka kwa aibu, macho yako kwenye midomo ya mkewe.

"Nasikia kitu," mkewe akanong'ona kwenye sikio lake la kulia.

"Kinasemaje?"

"Kama mtu anakoroma."

"Hayo ni maji yanadondokea kwenye uwazi chini ya zege. Hapo yamefika tu, hayakuanzia hapo. Sogea, ufuate bomba, kuelekea kabatini. Sasa?"

"Bado mkoromo. Huu naujua vizuri, nimelala nao maisha yangu yote."

Sikio akajikuta anacheka, na yeye alidhani siku ile hatacheka tena. "Achana na mkoromo. Tafuta sauti nyembamba, kama mama anamnyamazisha mtoto. Sss."

Akasogea. Akasogea tena. Karibu na mguu wa kabati akainua mkono ghafla. "Hii hapa! Sss! Ee, inasikika hasa!"

"Sogeza kidogo kushoto. Inazidi au inapungua?"

"Inapungua."

"Rudi. Kulia kidogo?"

"Inapungua pia."

"Basi umeyapata, mke wangu. Umeyapata!"

Akafuta lile duara la uongo kwa kiganja, akachora jipya. Akang'oa kigae kimoja kwa patasi, taratibu, akachimba zege, na maji yakamrukia usoni. Bomba lilikuwa limelalia jiwe lenye ncha, na jiwe likalitoboa kidogo kidogo hadi likapenya. Akafunga maji, akakata kipande kibovu, akaunga kipya, akalitupa jiwe nje. Walipofungua maji tena na kwenda kwenye mita, kigurudumu kilikuwa kimesimama.

"Kimoja tu!" baba mkwe akapiga makofi, mbio kwenda kuleta kigae cha akiba alichokificha chini ya kitanda. "Si nilisema? Sikio ni Sikio!"

Angeweza kunyamaza, akavuna sifa zake. "Mzazi mwenzangu, mimi sisikii tena. Aliyesikia ni mama huyu. Mimi nilimwambia tu anachosikia ni nini."

Mzee wa watu akawatazama wote wawili, akakuna kichwa. "Kwani kigae si kimoja?"

"Kimoja."

"Basi njooni tule." Na binti akamkabidhi baba yake mjukuu mikononi.

Jioni walirudi kwa miguu, mfuko wa spana begani kwa mume, nondo mkononi mwa mke. Mke alikuwa anatembea kulia kwa mumewe. Sikio akaliona hilo, akapunguza mwendo.

"Lile dirisha la chumbani. Halina baridi, sivyo?"

"Halijawahi kuwa na baridi."

"Na taa ya mezani?"

"Taa haina neno."

"Sasa kwa nini hukuniambia kwamba unajua?"

"Wewe je, uliniambia?" Sauti yake ikabadilika. "Nilikuwa nakusemesha kitandani, hunijibu. Kila siku hunijibu. Nikajua basi, mume wangu amenichoka. Nililia sana, baba watoto, wewe huku unakoroma. Mpaka siku moja nikapita upande wa pili kuchukua shuka, nikanung'unika jambo, ukanijibu! Nikasema kumbe ni sikio tu. Nilifurahi kama mwehu."

Fundi akasimama katikati ya njia. Akamshika mkono.

"Na kesho usiseme kiuno," mkewe akaendelea, akimvuta watembee. "Jirani yangu ukuta wake unatoa jasho. Nimeshamwambia tunakuja."