Niliweka ng'ombe wa mzee wa watu kwenye ramani ya mtandaoni, hadi leo namba ngeni ikiita nashtuka

Wakuu, heshima kwenu, wa Uyole, wa Mafinga, wa Kihesa, na nyie mnaosomaga kimyakimya bila kuandika kitu.

Ninayoandika hapa sijatia chumvi. Majina nimebadilisha, mkisoma mtaelewa kwanini. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi napiga picha na kutengeneza video hapa Iringa. Harusi, send-off, na zaidi kabisa vipaimara. Kazi inanilisha, lakini inachosha. Nguo nyeupe zile zile, keki ile ile, shangazi yule yule anayekaa mbele ya kamera.

Mwanzoni mwa mwaka nikakutana mtandaoni na kitu kinaitwa story map. Kwa wasiojua, ni hadithi unayoisoma huku ramani inasogea yenyewe. Unashusha kwa kidole, ramani inakupeleka sehemu moja hadi nyingine, ukibonyeza alama inafunguka picha au sauti ya mtu.

Nilibaki mdomo wazi. Nikasema hiki ndicho nilikuwa nakitafuta siku zote.

Kuanza wala siyo kugumu, ndani ya wiki nilikuwa nimeshaelewa. Unafungua akaunti ya bure, unachagua ramani ya satelaiti, unaenda eneo husika na simu yako ukiwa umewasha GPS, unapiga picha. Picha inabeba mahali ilipopigwa. Ukiipandisha, inajiweka yenyewe kwenye ramani, tena mahali penyewe hasa.

Hilo la picha kujiweka zenyewe lilinifurahisha kuliko yote. Natamani lisingenifurahisha.

Sasa nikahitaji hadithi. Nina rafiki yangu nimesoma naye, nimwite Ngassa, anafanya kazi Mbeya mjini. Baba yake, Mzee Masalu, ni Msukuma aliyehama na mifugo kutoka huko kaskazini miaka mingi iliyopita, akaja Usangu. Anaishi mbele ya Madibira, ukishapita mashamba ya mpunga. Nikaona hiyo safari ya kuswaga ng'ombe kwa miguu wiki kwa wiki ndiyo story map yenyewe.

Ngassa akanitambulisha, nikaenda. Mzee alinipokea kama mtoto wake. Siku tatu ananihadithia, mimi narekodi.

Siku ya nne akaniambia, "Ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "kama unaandika habari zangu, uandike zote." Tukapanda pikipiki niliyoikodi, akanizungusha kwenye miji minne, yaani kaya za watu wengine, kila mmoja mbali na mwenzake.

Kote huko kuna ng'ombe zake.

Hapa naomba nieleze, maana wengi hamjui. Wazee wa namna hii hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Wanawagawa kwa watu wanaowaamini wawatunze, ili ugonjwa au mwizi akipita sehemu moja asiwamalize. Na kubwa zaidi, hawasemi. Nani anao na wangapi ni siri ya mwenye mali.

Nilipiga picha kila mji. Zizi, ng'ombe, mwenye nyumba amesimama mlangoni. Mzee akaniuliza, "Itakaa wapi hiyo?"

Nikamjibu, "Itakaa salama mzee, wajukuu wako wataiona."

Jamani. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Nimerudi Iringa nikaijenga kwa siku kumi. Ilitoka nzuri, siwezi kujidanganya. Mwisho unaulizwa nani aone: wewe tu, wenye link, au kila mtu. Nikachagua kila mtu, kwa sababu nilitaka sifa. Chini kabisa nikaweka namba yangu ya simu ili wateja wanipate. Nikatupa link kwenye grupu la tuliosoma pamoja na magrupu mengine mawili.

Pongezi zikamiminika. Nikajiona nimeshafika.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, namba ngeni ikapiga. Mwanaume, sauti ya upole, ana adabu.

"Ndugu, wewe ndiye mwenye ile ramani ya ng'ombe? Hongera sana. Ile nyumba ya nne, barabara yake inapitika na fuso?"

Nikajibu kwa furaha kabisa, "Inapitika ndugu yangu, kiangazi hiki hata gari dogo."

Akashukuru, akakata.

Nikaendelea kuhariri video ya harusi. Kama dakika tano hivi. Halafu nikaisimamisha.

Fuso ya nini?

Nikapiga ile namba, haipatikani. Nikapiga tena na tena, haipatikani. Nikafungua ramani yangu, nikabonyeza alama ya nyumba ya nne kama msomaji wa kawaida, maana siku zote nilikuwa naiangalia kama mtengenezaji. Chini ya picha kuna kitufe cha kuonyesha njia. Nikakibonyeza. Mstari wa bluu ukachorwa kutoka hapo nilipokaa hadi mlangoni kwa mama mwenye nyumba ile.

Hadi mlangoni, wakuu, siyo utani.

Nikaibadilisha ramani ionekane na mimi tu. Lakini walioifungua walishapita mia mbili. Na kwenye grupu mojawapo kuna mtu alishairekodi skrini yake akiishusha alama kwa alama, video ikawa inatumwa ikiwa na maneno "Utajiri uliojificha Usangu". Nyumba zote nne zinaonekana, na majina ya vijiji.

Simu ya mzee ilikuwa imezimwa. Nikampigia Ngassa, alikuwa hajaifungua ile link, nikamweleza kwamba nyumba nne zenye ng'ombe wa baba yake ziko wazi kwenye ramani.

"Zote nne?"

"Zote."

"Mimi mwanae wa kuzaa najua mbili tu," akasema. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi hilo siwezi kumwambia."

Kesho yake alfajiri nikapanda basi la Madibira. Njia nzima kuanzia Mafinga nilikuwa naangalia magari yanayokuja mbele yetu. Kila fuso iliyofunikwa turubai nilikuwa nasimama kwenye kiti nichungulie. Dada niliyekaa naye akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Nilimkuta mzee anaziba lango la zizi kwa miiba. Akanisalimia vizuri, "Mwangaluka, ng'wanawane," akadhani nimemletea ile hadithi aione.

Nikamwambia yote, mpaka lile jibu la fuso. Sikuficha.

Hakupandisha sauti. Akasema, "Nionyeshe."

Nikafungua simu. Akasogeza kidole chake taratibu, akaona nyumba yake, akaona njia aliyopita kutoka kaskazini, akatabasamu kidogo. Halafu akagusa alama ya nyumba ya nne, na kidole kikagusa kile kitufe cha njia. Ile sauti ya mwanamke ikaanza kuongea kwenye simu, nenda moja kwa moja, kisha pinda kushoto.

"Huyu mama anamwelekeza nani?" mzee akauliza.

"Yeyote mwenye simu, mzee."

Akaingia ndani, akatoka na koti na fimbo. Akaita bodaboda, akasema twende.

Nyumba ya nne ni ya mjane, nimwite Mama Kabula, anaishi na wajukuu zake watatu. Niliwahesabu ng'ombe kabla hata ya kusalimia, wote kumi na mmoja wapo.

Ndipo Mama Kabula akasema, wala hajui tumefuata nini, "Jana walikuja watu wawili na pikipiki, wakaomba maji. Wanakunywa huku wanaangalia tu zizi. Mmoja akapima lile geti kwa hatua."

Mzee akanitazama. Mara ya kwanza na ya mwisho aliyonitazama hivyo.

Tuliwahamisha siku ile ile. Kesho yake nyumba ya tatu, halafu ya pili, halafu ya kwanza. Wamepelekwa wapi sijui. Mzee alikuwa ananiacha njiani, ananiambia, "Wewe ishia hapa," anaendelea mwenyewe na vijana wake. Nilistahili.

Wakuu, kuna kitu sikukijua kabisa nilipokuwa naweka vile vialama vyangu vizuri. Anayetunza ng'ombe wa mtu halipwi. Maziwa ni yake. Siku nyingine anapewa ndama. Wale watoto watatu walikuwa wanakunywa maziwa ya wale ng'ombe kila asubuhi, na mbolea ndiyo iliyokuwa inakuza mahindi ya yule mama.

Wakati wanatolewa, Mama Kabula alikuwa ameshika kibuyu chake cha kukamulia. Hakumuuliza mzee, aliniuliza mimi.

"Wanarudi lini?"

Mzee akasubiri na yeye nijibu.

Hakuna ng'ombe aliyeibiwa. Yule wa fuso simjui mpaka leo, huenda alikuwa mfanyabiashara wa mnada tu. Wale wa pikipiki huenda walikuwa na kiu kweli. Lakini zizi la Mama Kabula ni tupu, na sikufukuza hata ng'ombe mmoja kwa fimbo, nilitumia kidole.

Nilichojifunza, kwa wale mnaotaka kuanza hii kazi, na anzeni tu kwa sababu ni nzuri: zimeni GPS kwenye kamera kabla hamjafika kwa mtu. Alama iwekeni mbali na nyumba, hata kilomita kadhaa, hadithi haiharibiki. Ramani iacheni ionekane na nyie tu mpaka mwenye habari ameishika simu kwa mkono wake na kubonyeza kila kitufe. Kile kitufe cha njia ningekibonyeza mwenyewe mapema, nisingekuwa naandika haya.

Na mtu akiuliza itakaa wapi, mwambieni ukweli hata kama atakataa.

Nimerudi kwenye vipaimara. Namba ngeni zikipiga naziangalia zinaita mpaka zinakata, na wateja nimepoteza.

Wenye ujuzi humu, nisaidieni: video ikishasambaa kwenye magrupu kuna njia yoyote ya kuifuta? Na mliowahi kuponza mtu kwa kazi yenu, mlifanyaje baadaye? Andikeni hapa chini, hata matusi nitasoma.

Nauliza kwa sababu juzi mtu nisiyemjua, yuko Dodoma, namba yangu kaipata kwenye tangazo la picha za harusi, amenitumia ile video bila kujua ramani ni yangu. Anataka kujua kama mimi wa Iringa hayo maeneo nayafahamu.

Nikamjibu siyafahamu.