Mkwe Mbele ya Kamera

Kwa jina, Kasmir alikuwa msaidizi wa mpiga picha. Kwa vitendo, alikuwa punda wa sinema nzima. Nyumba ya kupigia picha aliitafuta yeye, mtendaji wa kata alimbembeleza yeye, maharage ya wasanii aliyapika yeye, na jogoo wa jirani alipowika katikati ya msiba wa kuigiza, aliyeruka ua kwenda kumfukuza ni yeye. Kamera yenyewe, ambayo ndiyo iliyomtoa nyumbani, hakuruhusiwa kuigusa isipokuwa kuibeba.

Na huyu hakuwa mtu wa kuokotwa. Biashara ilipofunguliwa nchini na kanda za video zikaanza kupanda Ufipa kwenye malori pamoja na mitumba, Kasmir alipata kazi kwenye kibanda cha video pale Milanzi, mjini Sumbawanga, kufagia na kurudisha kanda nyuma. Wenzake walipopiga kelele kwamba stelingi, shujaa wa sinema, hafi, yeye alijiuliza mwenye kamera alisimama wapi. Baadaye akajinunulia kamera kuukuu, akawa mpiga picha wa harusi. Kuanzia Muze hadi Kipili, ukiona mkanda wa harusi ambao vichwa vya maharusi havijakatwa, ujue ni wake.

Ndipo akaja Maganga kutoka Dar es Salaam. Maganga alikuwa mtunzi, mwongozaji, mpiga picha na mwenye mali, yote mtu mmoja, na alishuka kwenye basi na fulana katika baridi ya Julai. Alitegemea kukuta wachawi wanaopaa kwa ungo; akakuta watu wanapura maharage. Hadithi ikabidi ibadilishwe, ikawa ya mjane anayenyang'anywa shamba na chifu mwenye tamaa. Akampa Kasmir ahadi: nisaidie mpaka mwisho, kipande cha mwisho utakipiga wewe, na nikikipenda tutaondoka wote uje uwe mpiga picha wangu Dar.

Kwa ahadi hiyo Kasmir alivumilia mengi, na kubwa kuliko yote ni watu wa mji wake. Hawa waliijua kazi moja tu katika sinema, nayo ni ustelingi. Mwalimu mmoja alikubali kubeba taa kwa sharti kwamba aonekane akiibeba. Urbano, fundi baiskeli aliyepewa uchifu, aliutupa siku ya mwisho kabisa, baada ya mkewe kusikia kwamba chifu atatukanwa na mwanamke.

"Nitafutie chifu mwingine," Maganga akamwambia Kasmir, kana kwamba machifu huuzwa sokoni.

Ajabu ni kwamba alimpata sokoni. Mzee mrefu mwenye mvi za kupendeza alikuwa ameketi nje ya duka la nguo, fimbo mapajani, akitazama watu kama aliowaajiri. Sasa, Mfipa hufundishwa tangu utotoni kwamba mzee husalimiwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi, na mgeni huulizwa habari za kwao, ametoka kwa nani na ni ndugu wa nani, hata kama kuna nyumba inaungua. Kasmir alichuchumaa, akapiga makofi, akatoa shikamoo yake. Yale maswali akayaruka. Alikuwa ameambukizwa haraka ya Dar, akauliza jambo moja tu.

"Mzee, unaweza kukaa kimya ukitukanwa?"

"Mwanangu, mimi Obedi wa Rungwe nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi," yule mzee akajibu. "Twende."

Mjane wa sinema alikuwa Atusaye, msusi wa nywele, Mnyakyusa wa Tukuyu, huko Rungwe, aliyehamia Sumbawanga na mumewe, mwanamke mwenye ulimi ambao hata Maganga aliuogopa. Alikuwa tayari uani, amevaa kanga za msiba. Kasmir akaingia na mzee wake kwa maringo.

"Chifu wetu huyu hapa. Mzee Obedi, mgeni kutoka Rungwe."

Atusaye hakungoja zaidi. Alijifunika kanga usoni, akageuka, akapotelea nyuma ya nyumba. Mzee naye akageuza kiti, akaketi akitazama ukuta, ametulia kama mtu aliyezoea.

"Nini tena?" Maganga akauliza.

"Yule atakuwa mke wa mtoto wa mdogo wangu," mzee akauambia ukuta. "Nimefika jana tu, sijakwenda kwao. Mimi ni baba mkwe wake, hawezi kunitazama."

Kasmir alitamani ardhi ipasuke immeze. Harusi ngapi za Wanyakyusa alizipiga picha mjini humo, bibi harusi akifichwa kila baba mkwe anapopita? Alilijua jambo hilo kama anavyoijua njia ya kwao. Swali moja tu la adabu lingetosha, na hakuliuliza. Akamfuata Atusaye kule nyuma.

"Dada, ni maigizo tu."

"Kwenu ninyi ni maigizo. Mume wangu yuko Kipili kununua samaki wa migebuka. Akirudi akute nimemwita baba yake mwizi mbele ya watu, nimwambie nini? Mtoeni yeye au nitoeni mimi."

Kumtoa yeyote haikuwezekana, maana jua lilikuwa linateremka na kesho Maganga anaondoka. Maganga hakupiga kelele. Alisema watawapiga picha mmoja mmoja: mjane atamtukana mtu mwingine, chifu atatukanwa na mtu mwingine, na vipande ataviunganisha Dar.

"Uliyemleta ni wewe, kwa hiyo ukae wewe kwenye kiti cha chifu," akamwambia Kasmir. "Kamera nitaishika mimi."

"Lakini kipande hiki ni changu. Uliniahidi."

"Nilikuahidi kabla hujaniletea mkwe wa mtu."

Mzee Obedi akapelekwa kwa jirani kunywa chai. Kasmir akaketi na kanzu ya chifu, kisogo kwa kamera, akimtazama Atusaye. Atusaye akaanza na maneno ya hadithi. Kisha hasira ya mchana ule ikampanda, hadithi akaiacha njiani.

"Unatumwa, unakwenda. Unaitwa, unaitika. Siku moja utaamka ukute kilichokuwa chako wamekichukua hao hao wanaokutuma, na wewe ulikuwa umeketi hapo hapo, unatazama."

Maganga aliona maneno yanamfaa chifu, akaacha kanda iendelee. Lakini Kasmir alijua yalikuwa yake, tena ya kweli, na yalimuuma.

Atusaye alipoondoka na mzee kurudishwa, Kasmir alikwisha kusimama nyuma ya kamera.

"Huyu nampiga mimi," akasema. "Wewe mtukane."

Maganga akatazama jua, akaona muda wa kugombana haupo. Akasimama mahali pa mjane, akaanza kumtukana mzee wa kanisa kwa aibu kubwa. Kasmir alimsogelea mzee polepole. Uso ulitulia kwanza, kisha kidevu kikaanza kutetemeka, na mtu mwingine angekata hapo. Yeye alingoja mpaka macho ya mzee yakainama yenyewe.

Maganga alirudisha kanda akatazama, akairudia tena.

"Nzuri," akasema taratibu. "Nzuri kweli, mshikaji."

"Basi twende Dar."

"Twende. Ila wapiga picha Dar wamejaa. Mtu wa kunipatia nyumba, chakula na chifu kabla jua halijazama, huyo ndiye sina. Anza na hiyo kazi, habari za kamera tutaona huko mbele."

Kumbe kosa la Kasmir lilikuwa kuiweza kazi asiyoitaka. Aliifuta lenzi kwa pindo la shati, akaifunika, akamkabidhi mwenye kamera kamera yake.

"Jumamosi nina harusi Muze," akasema.

"Kasmir, acha utoto. Watu wanaililia nafasi hii."

"Basi wape hao wanaolia."