Tangi la Dani

Saruji mbichi ikimwagiwa maji hutoa harufu fulani ya ubaridi, na mimi nikiinusa tu, narudi Kisumu, nyuma ya nyumba yetu, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Wenzangu hukumbuka samaki wa kukaanga. Mimi nakumbuka choo. Chekeni tu.

Dani, nyanya yangu mzaa mama, aliletwa kutoka Usenge na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Daktari alitaka kioshwe hospitalini kila siku, la sivyo mguu ungekatwa. Ilibidi akae mjini, kwetu. Sasa, kwetu Wajaluo mama mkwe halali nyumbani mwa mkwewe, wala hawatumii choo kimoja. Baba akamjengea chumba pembeni mwa kiwanja, na choo chake cha kuvuta maji, akaona kazi imekwisha.

Dani alipofika hakuangalia hata kitanda. Alichechemea hadi nyuma, akaona mfuniko wa zege, akamwuliza fundi uchafu unakwenda wapi. Fundi, kijana mchangamfu wa kutoka Nyeri, akamweleza kinagaubaga: kizito kinazama na kuozea mle tangini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanapita kwa bomba hadi shimo la mawe, ambako udongo unayanyonya. Na vyoo vyote viwili, hiki na kile cha Baba, akaongeza kwa fahari, vinaingia tangi hilo hilo. Masikini, alidhani atasifiwa.

Dani akajifunga kanga, akaitisha mzigo wake. Afadhali mguu ukatwe, alisema, kuliko aibu hiyo. Mama alilia mpaka nikaogopa. Mwishowe Dani akakubali kungoja kwa jirani yetu mjane, lakini hadi mwisho wa mwezi tu.

Jioni hiyo Mama alisimama mbele ya Baba.

"Baba Akinyi, mama yangu harudi Usenge na mguu ule."

"Basi nitamchimbia tangi lake na shimo lake," akasema.

Akavua shati la ofisini, akachimba. Udongo wetu mweusi mnaujua? Ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi, na maji haunywi. Fundi alisema shimo la mawe lazima lipite huo wote, lifike kwenye changarawe. Mama alibeba udongo kwa karai, mimi kwa sufuria kuukuu. Majirani walipita wakiuliza kama tunatafuta dhahabu. Mvua ikanyesha, ukuta wa shimo ukaporomoka, kazi ya siku nyingi ikazikwa. Nililia kwa hasira. Baba alifuta matope usoni, akaanza upya.

Mwezi haukuwa umeisha Dani alipokuja kukagua. Akaamuru maji yaliyokorogwa na bluu ya kufulia yamwagwe katika choo cha Baba, huku yeye ameinamia tangi lake jipya, mfuniko wazi. Alitazama weee! Hakuna bluu iliyofika. Akaingia chumbani, akalala. Mguu ulipona, taratibu.

Miaka yote niliamini Baba aliiogopa ile mila. Nilikuwa mtu mzima, nina nyumba yangu, nilipomwuliza.

"Mimi? Siyaamini hayo hata kidogo."

"Sasa ulichimba kwa nini, Baba?"

Akanitazama kana kwamba nauliza mambo ya kitoto.

"Yeye aliyaamini. Na mguu ulikuwa wake."