Nilibakiwa na jicho moja, nalo likaanza kuzima: jinsi chanzo kilivyopatikana

Assalaam alaykum wakuu, na kwa wasiotumia salamu hii, heri na amani ziwe kwenu.

Mimi ni mtu mzima wa Ngamiani hapa Tanga, nimefundisha chuo cha Kurani miaka mingi. Humu ndani ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa kuwa yaliyonipata huenda yakamfaa mtu. Chumvi sitaongeza, kwa umri huu, uongo ni mzigo wa bure.

Kwanza mjue hili.

Jicho langu la kushoto lilikufa nikiwa mtoto. Baba alikuwa kibarua wa mkonge upande wa Pongwe, nasi watoto tulicheza humo humo shambani. Ncha ya jani ikanichoma. Tangu hapo nina jicho moja tu, la kulia. Kwa hilo nimesoma, nimefundisha, nimeoa. Mke wangu, Mama Zuhura, husema ningekuwa na mawili nisingemchagua yeye.

Basi ilikuwa mfunguo mosi, siku chache baada ya Idi, niko katika funga sita za sunna. Baada ya swala ya alfajiri nikafungua msahafu kama kawaida yangu. Mstari nauona mwanzo wake na mwisho wake, katikati pana wingu.

Nikafuta miwani. Nikafuta jicho. Wingu liko pale pale.

Nikajisemea ni uchovu wa funga. Siku ya tatu msala wangu mwekundu wa kuswalia ukawa kama wa rangi ya chai ya maziwa, na nikigeuza jicho pembeni linauma kwa ndani, huko nyuma. Hapo nikaogopa, wakuu. Mwenye macho mawili akiugua moja ana akiba. Mimi sina.

Zahanati walinipa dawa ya matone, wakasema jicho limekauka. Wiki nzima natia matone, na wingu linakua.

Nikaenda hospitali kubwa. (Msiniulize ipi, sitaji majina.) Daktari wa macho ni binti wa Kisambaa, umri wa kitinda mimba wangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

Akanitia dawa ya kupanua mboni, akamulika. Kisha akasema, "Babu, mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo umevimba. Uvimbe nimeuona. Sababu yake bado, na bila sababu nitakuwa nabahatisha."

"Litapona?"

"Nikijua linalouvimbisha nitakujibu. Leo nikikujibu nitakudanganya."

Jibu lile liliniumiza, lakini ndilo lililonifanya nimwamini.

Vikafuata vipimo. Malaria, sukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, kaswende. Kilipotajwa hicho cha mwisho niliinamisha kichwa. Mama Zuhura akaniinamia sikioni, kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia: "Kama yapo niambie sasa mzee, kabla karatasi haijasema."

Muuguzi alicheka hadi akashika meza. Mimi sikucheka. Nilijiona nimevunjiwa heshima, mtu wa kilemba na tasbihi kuulizwa hayo. Baadaye nilielewa kuwa yule binti hakuwa ananituhumu, alikuwa anafunga milango mmoja mmoja ili ajue mwizi kapita wapi.

Majibu yote yakaja safi. Nikasema alhamdulillah. Daktari hakufurahi kama mimi.

"Babu, haya yananirudisha mwanzo," akasema. Alitaka kunianzishia dawa kali ya kushusha uvimbe, lakini akahofu kwamba kama kuna kijidudu kimejificha, dawa ile ingekipa nguvu. Akaniandikia rufaa niende Dar nikapigwe picha ya kichwa.

Mtaani nako maneno hayakosi. Mmoja anasema husuda, mwingine anasema nimepita pasipopitwa. Sahibu yangu mmoja, mtu wa elimu, akaniandikia kombe, aya kwenye sahani zinazooshwa kwa maji ya kunywa. Nililinywa, maana Kurani ni shifaa na siku zote nimeamini hivyo. Lakini huyo huyo aliniambia: "Kunywa, kisha urudi kwa yule binti. Nimekuandikia dua, sikukuandikia ruhusa ya kuacha hospitali."

Nilirudi, wakuu, kabla ya kwenda Dar. Na siku hiyo ndipo mambo yalipogeuka.

Daktari akamulika tena. Safari hii akasogea, akamulika mara ya pili. Akasema nyuma ya jicho pamejitokeza alama mfano wa nyota, ambayo mara ya kwanza haikuwepo. "Hii nyota inanilazimisha nikuulize mengine. Nyumbani una mnyama?"

"Sina. Nilikuwa na mbuzi wawili, hawapo tena."

Mama Zuhura, kwenye benchi: "Na paka?"

"Paka si wa kufugwa," nikasema. "Paka anakuja na nyumba."

Daktari akaweka kalamu chini. "Wangapi, babu?"

"Wanne."

"Saba," akasema Mama Zuhura. "Akijilaza mkekani baada ya adhuhuri wote wako naye, mmoja kifuani kama hirizi."

Naomba mnielewe hapa, hasa nyinyi wa bara. Sisi watu wa mwambao paka hatumhesabu. Tumefundishwa si najisi. Akinywa kwenye ndoo ya udhu, maji hayaharibiki. Anaingia msikitini, anapita mbele ya safu, hakuna anayemfukuza. Daktari aliuliza mnyama, na mimi kwa moyo safi nikawaza mbuzi.

"Kuna aliyekukwaruza?"

Nikakumbuka. Katika kumi la mwisho la Ramadhani paka mdogo alikwamwa na mwiba wa samaki changu kooni. Nilimshika nikautoa, naye akanichana kifundo cha mkono. Nilisuuza kwa maji, nikaenda zangu tarawehe. Baada ya siku kadhaa nikapata homa kidogo, na tezi kwapani ukubwa wa kokwa ya tende. Nikaipaka mafuta ya karafuu.

"Na tezi hukuniambia?"

"Mwanangu, nilikuletea jicho. Kwapa na jicho vina udugu gani?"

Akapapasa kwapa. Tezi bado ilikuwepo.

Akanieleza kuwa kuna bakteria anayekaa kwa paka, hasa wadogo, na viroboto ndio wanaomsambaza. Paka mwenyewe haumwi. Akikukwaruza, bakteria huingia, tezi zikavimba, na mara chache sana hufika hadi kwenye mshipa wa jicho. Damu yangu ikapelekwa Dar kupimwa, lakini dawa hakuisubirisha. Nilianza antibiotiki siku ile ile, dozi ya wiki nyingi. Safari yangu mwenyewe ya Dar ikawekwa kando kwanza.

Majibu yalipokuja yalithibitisha. Ni yeye.

Jicho halikurudi kwa siku moja. Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Ya tatu, nimekaa barazani, nikasoma maneno ya leso, yaani kanga, ya Mama Zuhura akiwa bado yuko mlangoni. Nikayasoma kwa sauti. Akafuta uso kwa upindo. Kumbe kila asubuhi alikuwa akipita pale na leso tofauti ananipima, na hakuniambia.

Leo nasoma. Katikati pamebaki kivuli chembamba, daktari amesema huenda kikakaa. Nakikubali. Nilikuwa najiandaa kwa giza.

Paka? Mama Zuhura alitaka wote wahamishiwe soko la samaki. Daktari akamzuia, akasema inatosha kuwaondoa viroboto, kutocheza nao hadi watoe kucha, na kuosha mchubuko wowote kwa sabuni hapo hapo. Wapo. Ila mkekani hawapandi tena, wananitazama kwa mbali kama niliyevunja udugu.

Ninachotaka mchukue ni hiki. Mimi si daktari, na kila jicho lina ugonjwa wake. Lakini ukienda hospitali, mweleze daktari maisha yako yote, si kiungo kinachouma tu. Homa iliyopita, tezi, mchubuko, unayelala naye, unachokula, hata unachokiona hakihusiani. Nilikaa na jibu kwapani wiki kadhaa huku watu wakilitafuta kwenye damu yangu. Na daktari anayekwambia "sijui bado" msimkimbie. Wangu angeona haya kusema hivyo, leo ningekuwa nashikwa mkono kwenda msikitini.

Aliyewahi kuvimba mshipa wa jicho, au mwenye mgonjwa, aeleze hapa chanzo chake kilikuwa nini na kilipatikanaje. Wenye taaluma nisahihisheni nilipokosea.

Andikeni kwa urefu mnaotaka. Nitachelewa kujibu, lakini nitasoma yote, na nitasoma mwenyewe.